Chumba Changu Kwenye Modeli ya Baba

Mwaka ule baba alikuwa anaongea nami siku za Jumamosi tu, na alichokuwa anaongea ni majengo.

Siku nyingine zote alikuwa mtu wa "umekula?" na "funga mlango." Alitoka kwenye fleti yetu ya Eagan, huku Minnesota, kabla sijaamka, akaendesha gari hadi ofisini kwao Plymouth, akarudi giza limeshaingia. Huku wakati wa baridi giza huingia wanafunzi wakiwa bado kwenye basi. Alikula akiangalia habari, akaosha sahani yake, akalala. Simlaumu. Mimi sikujua kuanzisha mazungumzo, naye hakujua, nadhani nimelirithi kwake jambo hilo.

Tulikuwa wawili tu. Mama alibaki Morogoro kumuuguza bibi, na mdogo wangu alibaki naye kwa kuwa alikuwa bado hajaanza shule. Mimi nililetwa huku kusoma. Makubaliano, kama nilivyoyaelewa mimi, yalikuwa kwamba baba atafanya kazi mpaka nyumba aliyokuwa anaijenga Kihonda, kulekule Morogoro, iishe, halafu tutarudi. Sikumbuki ni nani hasa aliyeniambia hivyo. Inawezekana hakuna aliyeniambia. Lakini niliishi kwa hayo, na kila kitu nilichokiona kigumu huku nilikiambia moyoni kwamba wewe ni wa muda.

Na vigumu vilikuwepo. Shuleni sikuwa na mtu. Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nakwenda maktaba na kusimama kwenye rafu za nyuma na mkate wangu ndani ya mkono wa koti, kwa sababu kula maktaba kulikatazwa na kukaa peke yangu kwenye meza ya kantini kulinishinda. Jumapili tulikuwa tunasali Saint Paul, ibada ya Kiswahili, Watanzania na Wakenya pamoja. Huko kulikuwa na msichana wa Kikenya wa rika langu, mcheshi, ambaye siku moja mbele ya wenzake aliniuliza, "Mbona wewe unaongea ni kama redio ya taifa? Sasa next utatusomea hali ya hewa?" Wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, hata mimi nilicheka. Ila tangu siku hiyo nikawa najibu kwa neno moja moja, tena la Kiingereza, na Kiswahili changu nikakitunza kwa ajili ya Jumamosi.

Jumamosi tulikuwa tunakwenda ofisini kwake. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa dhaifu, haikuweza kulifungua faili la nyumba ya Kihonda, na bosi wake alikuwa amemruhusu kutumia mashine za ofisi kwa mambo yake siku ambazo hakuna kazi. Mimi alinichukua kwa sababu hakutaka kuniacha fleti peke yangu. Ni jengo la chini, refu, upande mmoja ghala, upande mwingine watu wanaotengeneza vifaa vya hospitali, na mbele uwanja wa magari ambao siku hizo ulikuwa mweupe wote. Ndani kulikuwa na zulia, harufu ya kahawa ya jana, na mlio wa hewa ya moto ikitoka darini. Hakuna mwingine. Nilikuwa napewa meza ya jirani yake, na picha za watoto wa mwenye meza ziliniangalia nikifanya hesabu zangu.

Ofisi yao inashughulikia mabomba: ya maji, ya majitaka, ya hewa, yanayopita juu ya dari za hospitali na shule. Zamani walichora ramani za kawaida. Wakati ule ndio walikuwa wamehamia kwenye kitu wanachokiita BIM, na baba, aliyesomea michoro ya mkono Dar es Salaam na kuisoma tena huku kwa kompyuta, alilazimika kujifunza upya akiwa na mvi. Mtu anayejifunza hutafuta wa kumfundisha ili aelewe vizuri. Akanipata mimi.

"Njoo uone," alisema siku ya kwanza, akasogeza kiti chake. "Ramani ya zamani ni mistari. Mstari haujui kama wenyewe ni ukuta au ni uzio au ni mpaka wa shamba. Mchoraji anajua, fundi anajua, mstari haujui. Hii si ramani. Hii ni modeli. Ukuta wa kwenye modeli unajijua."

Akaubofya ukuta, na pembeni yakajitokeza maelezo yake yote: umetengenezwa kwa nini, unene wake, kimo chake, umejengwa hatua gani. Akasema umbo unaloliona ni nguo tu, hizo habari ndizo mwili. Ukibadilisha habari, umbo linafuata lenyewe, na kila mchoro mwingine uliotoka kwenye modeli hiyo unabadilika bila kuguswa. Nilimwona anatabasamu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Alinifundisha kwamba kitu kwenye modeli kina viwango vya undani. Mlango unaanza kama boksi tu, la kuonyesha kwamba hapa patakuwa na mlango. Baadaye unapata vipimo vya kweli, baadaye fremu na bawaba, na mwisho kabisa, jengo likishasimama, mtu anakwenda na tepu, anapima kilichojengwa na kukiandika kama kilivyo. Hiyo ya mwisho ndiyo modeli ya kilichojengwa, na alisema ndiyo ya maana kuliko zote, ingawa ndiyo watu wanayoifanya kwa uvivu. Alinionya pia kwamba kitu kinaweza kuonekana kimekamilika kwenye skrini, kimetiwa rangi na kivuli, kumbe hakuna mtu aliyewahi kukiamua.

Nililolipenda zaidi ni migongano. Kwenye jengo kubwa kila ofisi inaleta modeli yake: wa nguzo na wake, wa maji na wake, wa umeme na wake. Zinawekwa pamoja juu ya msingi mmoja, ziwe modeli moja ya wote, halafu kompyuta inatafuta mahali ambapo kitu cha huyu kimepita ndani ya kitu cha yule, na kupaonyesha kwa rangi nyekundu. Bomba ndani ya boriti. Waya ndani ya bomba la hewa. Huo ni mgongano mgumu. Upo na mgongano laini: vitu havigusani, kila kimoja kiko salama mahali pake, ila kati yake hakuna nafasi ya fundi kupitisha mkono na kugeuza spana. Baba alisema huo laini ndio mbaya, kwa sababu kwa macho huuoni. Utaujua siku bomba linavuja na mtu yuko darini anasali.

Halafu kunakuwa na kikao, na kwa kila nyekundu linaulizwa swali moja: nani anasogea? Baba alikuwa ananitahini kwa swali hilo. Bomba la maji limekutana na boriti ya zege, nani anasogea? Bomba, kwa sababu boriti imebeba nyumba. Bomba la maji limekutana na la majitaka, nani anasogea? La maji, kwa sababu la majitaka lina mteremko wake na ukiuharibu kila mtu atajua. Waya umekutana na chochote? Waya. Waya ni mwembamba, unapinda, hauna mteremko, haubebi kitu. Siku zote ni waya.

"Umefaulu," alikuwa ananiambia. "Nikistaafu utakalia kiti changu."

Kwenye basi la shule nilikuwa narudia maneno hayo kimya kimya, modeli, undani, mgongano, kama wengine wanavyorudia nyimbo. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Ungemwambia nani hapo kantini kwamba kuna bomba limesogezwa.

Lakini kwenye faili la Kihonda hapakuwa na mabomba ya hospitali. Palikuwa na nyumba yetu. Baba aliijenga mwenyewe kwenye skrini, jioni moja moja na Jumamosi moja moja. Mbele kabisa sebule, kubwa kiasi kwamba nilimtania kuwa ni ukumbi wa harusi. Nyuma, chumba cha yeye na mama, kisha cha bibi chenye mlango mpana kwa ajili ya kiti cha magurudumu, kisha cha mdogo wangu. Na kati ya cha mdogo wangu na sebule, chumba kimoja kidogo. Mara ya kwanza nilipokibofya, pembeni palijitokeza jina alilokipa: Chumba cha Binti.

Nilikwenda chooni nikasimama huko kidogo.

Baada ya hapo aliniachia niweke milango na madirisha. Chumba changu nilikipa dirisha upande wa Mlima Uluguru, kitanda chini yake, na meza pembeni. Kila Jumamosi kabla ya hesabu nilikuwa naingia humo kwanza. Unaweza kuingia kwenye modeli, ukasimama katika kimo cha mtu, ukageuka. Nilikuwa nasimama dirishani. Nje hakukuwa na mlima, kulikuwa na kijivu tu, lakini nilijua ulipo.

Kule Kihonda msimamizi alikuwa baba mdogo. Baba alimtumia michoro kwa barua pepe, yeye akaichapisha steshenari mjini na kumpa fundi. Msingi ukamwagwa, kuta zikaanza kupanda, na picha zikawa zinakuja moja moja, zikifunguka polepole kwenye skrini, kichwa cha fundi kwanza, kisha kifua, kisha tofali. Theluji ilipoanza kuyeyuka huku, baba mdogo akasema kuta zimefika usawa wa madirisha, wanajiandaa kwa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Baba akafurahi kama mtoto. Akasema sasa tutafanya kazi ya kitaalamu: tutapima kilichojengwa na kukiingiza kwenye modeli, chumba kwa chumba, kabla lenta haijafunga kila kitu. Yeye na baba mdogo kwenye simu, mimi kwenye kompyuta.

Jumamosi hiyo nilifurahi kuliko zote. Nilipewa kiti chake yeye.

Alikwangua kadi ya simu, akapiga, akaweka spika. Huku ilikuwa asubuhi, kule jua linaelekea kuzama. Nilimwamkia baba mdogo, akaniitikia marahaba kwa sauti kubwa, akauliza kama bado naongea Kiswahili au nimeshakuwa Mzungu. Nyuma yake kulikuwa na kuku na mtu anayepiga nyundo. Kisha wakaanza. Baba mdogo alikuwa anavuta tepu na fundi, anasoma, baba anarudia, mimi naandika. Chumba cha baba na mama, sawasawa na modeli. Cha bibi, sawasawa. Cha mdogo wangu, sawasawa. Wakaenda upande wa mbele, sebule, sawasawa kabisa, baba akapiga meza kwa furaha.

"Na hiki cha kati?" baba akauliza.

"Kipi?"

"Kati ya sebule na cha mtoto."

"Aa, hii stoo," alisema baba mdogo. "Ngoja niisome."

Akasoma. Niliandika nilichosikia, na kwenye skrini kuta mbili zikajongeleana mpaka kitanda changu kikatoboa ukuta wa sebule. Nilidhani nimekosea. Baba naye alidhani nimekosea, akaomba apimiwe tena. Ikawa vilevile. Baba mdogo akaeleza bila wasiwasi wowote kwamba fundi alishangaa tangu mwanzo jinsi chumba kile kilivyobaki chembamba, kitanda hakiingii mlango ukafunguka, wakaona basi kiwe stoo ya mkaa na majembe, mbona nyumba haina stoo.

Baba alininyang'anya kipanya. Akabofya ukuta wa kati, uleule alionifundishia siku ya kwanza. Nikaona anasoma yale maelezo ya pembeni kana kwamba hajawahi kuyaona, na mimi nikayasoma pia. Mbao, na juu yake bodi ya jipsamu, upande huu na upande huu.

Zilikuwa kuta za huku. Unapofungua faili jipya ofisini kwao, kuta zinakuja hivyo, nyembamba, za mbao, kwa sababu ndivyo nyumba za Minnesota zinavyojengwa. Baba kazini hagusi kuta. Yeye ni mtu wa mabomba, kuta huletewa na ofisi nyingine zikiwa tayari. Alizichora tu za Kihonda na kuziacha kama zilivyokuja, na jicho lake, lililokaa huku miaka, halikuona ajabu. Fundi wa Kihonda akajenga kwa tofali za inchi sita, na lipu itakuja juu yake. Kila ukuta ulizidi kidogo. Na kwa kuwa baba alikuwa amesisitiza vipimo vya ndani vya vyumba visiguswe, hasa sebule, fundi alipima sebule kutoka mbele, akapima vyumba kutoka nyuma, na vyote vikapata haki yake. Kilichobaki katikati kikameza unene wa nyumba nzima.

Baba alipomweleza, baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, huko mnaishi ndani ya maboksi? Sasa mtu akigombana na mkewe akapiga ukuta ngumi, si mkono unatokea kwa jirani?"

Hata baba alicheka. Alikuwa anajifuta machozi. Kisha akanirudishia kipanya, na bado akiwa na kicheko mdomoni akasema, "Haya, andika stoo."

Kishale kilikuwa juu ya jina. Chumba cha Binti. Nilikuwa nimeshalibofya, limekuwa la bluu, tayari kufutika. Vidole vyangu havikwenda.

"Baba," nilisema. "Mimi nitalala wapi?"

"Lini?"

"Tukirudi."

Akanitazama. Hakuwa amekasirika, ningependa hata awe amekasirika. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho jibu lake liko wazi.

"Wewe? Si utakuwa chuo huku wakati huo," alisema. "Utakuwa unakuja likizo. Likizo utalala na bibi, atafurahi."

Kwenye spika kuku walilia. Kisha baba mdogo akasema kadi itaisha, tuongee siku nyingine, na akakata.

Njiani kurudi Eagan nilihesabu madaraja ili nisilie. Kilichoniuma hakikuwa chumba, au hakikuwa chumba peke yake. Ni kwamba yeye alikuwa ameshaamua kitambo, kwa moyo mweupe kabisa, na mimi nilikuwa nimekula mkate wangu maktaba mwaka mzima nikisubiri kitu ambacho hakikuwepo.

Wiki ile nilisema maneno machache hata kwa kipimo changu. Jumamosi ilipofika alisimama mlangoni na funguo, akauliza kama nitakuja. Nilikwenda. Ningetaka kuandika kwamba nilikataa, lakini ukweli ni kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokuwa nayo.

Alikuwa amebadilisha kuta zote ziwe za tofali. Nyumba kwenye skrini sasa ilikuwa nzito, ya kweli, kama zile za picha. Jina la chumba changu hakuwa amelibadilisha. Kitanda nacho alikiacha, na alikuwa ameiambia kompyuta itafute migongano, kwa hiyo kitanda chote kilikuwa chekundu, na ukuta wa sebule nao mwekundu pale kilipoutoboa. Nadhani alitaka tu kuanza mahali palipo rahisi, mahali tunapopajua. Akavuta kiti chake, akauliza kwa sauti yake ile ya mtihani, "Haya. Kitanda kimekutana na ukuta wa sebule. Nani anasogea?"

"Mimi," nilisema.

Akacheka kidogo.

"Mimi ndiye ninayesogea siku zote," nilisema. "Nilitoka Morogoro nikaja huku. Hakuna aliyeniuliza. Bibi hasogei, mama hasogei, mdogo wangu hasogei. Sebule haisogei, na ndani yake hakuna mtu. Nilifikiri tunarudi, baba. Nilifikiri ni mpaka nyumba iishe."

Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa mara moja. Niliyasema nikiangalia picha za watoto wa mwenye meza. Baba aliinuka, akaenda jikoni kwao kule mwisho wa korido, na nikasikia mashine ya kahawa ikianza kuunguruma. Alikaa huko muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Aliporudi hakuwa na kikombe. Akakaa, akaanza kuniambia kuhusu msiba wa babu, ambao mimi nilikuwa mdogo mno kuukumbuka. Mvua ilinyesha siku hiyo, akasema, na nyumba ya babu ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, kidogo, watu waliotoka mbali kuzika wakasimama nje wameloana na mikeka vichwani. Aliwaona kupitia dirishani. Alijiapiza siku ile kwamba akijenga, sebule yake itakaa watu. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwa hiyo si kwamba sebule haina mtu," alisema.

Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi, maana hasira ilikuwa imenipa nguvu na sasa ilikuwa inaondoka.

Akaushika ukuta wa sebule kwa kipanya na kuusogeza. Hakunitazama. Aliusogeza polepole, na sebule ikawa inapungua, ikapungua, ikawa sebule ya kawaida ya watu wa kawaida, mpaka kitanda kikaacha kuwa chekundu. Akausogeza kidogo zaidi, mlango ufunguke vizuri. Kisha akapiga simu Kihonda.

Baba mdogo alidhani ni utani. Alipoona si utani, akawa mkali kwa namna ambayo mdogo mtu anaweza kuwa mkali kwa kaka yake. Ukuta umeshasimama, alisema, tofali zimeshalipiwa, fundi atawacheka, majirani watauliza. "Kaka, unavunja sebule kwa ajili ya mtu ambaye hata haji?"

Baba alinitazama, nami nikatazama zulia.

"Vunja," alisema. "Kabla ya lenta."

Kwenye gari, tukiwa tumesimama kwenye taa za kuingilia barabara kuu, ndipo aliponiambia lililobaki. Alilisema akitazama mbele, kama anakiambia kioo cha gari. "Chumba nimekirudisha. Lakini kurudi, mwanangu, sijui. Nisikudanganye. Kazi iko huku, shule yako iko huku. Mama yako akipata nafasi ya kuja, labda wao ndio watakaokuja. Sijui." Nilitaka kumwuliza kwa nini basi avunje ukuta. Taa ikageuka kijani, magari ya nyuma yetu yakapiga honi, na baadaye ikawa vigumu kulianza tena swali lile.

Picha ilikuja maua yalipokuwa yameanza kuota pembeni mwa fleti zetu. Ilishuka kwenye skrini polepole kama zilivyokuwa zinashuka: lenta, kisha tundu la dirisha, na ndani ya tundu, kwa mbali, Uluguru na wingu lake. Chini ya dirisha mtu alikuwa ameegemeza baiskeli. Baba alinipa vipimo, mimi nikaviingiza. Vilikuwa sawa. Tulikaa tukikiangalia chumba hicho, kilichojengwa na cha kwenye modeli, kimoja juu ya kingine, na hakuna chekundu popote. Baba akasema hiyo ni kazi nzuri. Halafu akasema wiki ijayo ofisi ina kazi ya haraka, watakuwepo watu hata Jumamosi, kwa hiyo hataweza kunichukua, na zinazofuata pia huenda hivyohivyo. Na ndivyo ilivyokuwa.

Walipomaliza lipu mama alinipigia mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baba yuko kazini, nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya kabati la vyombo mahali simu inaposhika vizuri. Aliniambia habari za bibi, za mdogo wangu aliyeng'oka jino, za fundi rangi anayekuja Jumatatu. Akaniuliza nataka chumba changu kipakwe rangi gani.

Nilifikiri. Nilijaribu kukiona na bluu, na njano.

"Nyeupe," nilisema.

"Nyeupe inachafuka upesi, mwanangu."

Nilijiuliza nani ataichafua, mimi nikiwa huku. Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu akikimbia ndani ya nyumba tupu, sauti yake ikigonga kuta.

"Basi," mama akasema baadaye. "Iwe nyeupe."